Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika mapendekezo ya kuimarisha sheria dhidi ya bidhaa za nje za bei ya kutupa na za ruzuku

Vyama vya wazalishaji huandika mapendekezo haya mara kwa mara, na mara kwa mara hurudishwa. Mengi huomba kitu kilekile: ushuru mkubwa zaidi na adhabu kali zaidi. Hapo ndipo yanapokwama, kwa sababu ukubwa wa ushuru una kikomo ambacho bunge likikivuka, nchi itashtakiwa. Nguvu ya sheria ya aina hii iko kwingine: nani anaruhusiwa kulalamika, taarifa zinapatikanaje, siku ngapi zinapita kabla ya ushuru wa kwanza kutozwa, na nini kinafanyika bidhaa ileile inapoingizwa kwa mlango wa nyuma.

Mwongozo huu ni wa anayeshika kalamu: mwanasheria wa chama, mchumi wa wizara, katibu wa kamati, au mzalishaji aliyechoka kusubiri. Unafaa kwa nchi yoyote iliyo mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO).

Ninaposema bei ya kutupa nina maana ya kiwanda kuuza nje kwa bei ya chini kuliko kinavyouza bidhaa hiyohiyo kwao. Ruzuku ni jambo jingine: hapo ni serikali ya nje inayolipia sehemu ya gharama. Mambo haya mawili yana mikataba miwili tofauti, na kuyachanganya ni njia ya haraka ya kupoteza hoja.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Sheria iliyopo pamoja na kanuni zake na marekebisho yote. Vikwazo vingi vimejificha ndani ya kanuni na fomu, na sheria mama huwa haina kosa.
- Ibara ya VI ya GATT (mkataba mkuu wa ushuru na biashara), mkataba wa WTO wa kuitekeleza ibara hiyo (hapa nitauita mkataba wa bei ya kutupa, au mkataba tu; ibara nitakazozitaja kwa namba peke yake ni zake), na mkataba wa WTO wa ruzuku na hatua za kufidia, yaani ushuru wa kufuta faida ya ruzuku.
- Majalada ya mashauri ya nyuma, hasa yaliyokataliwa.
- Takwimu za forodha za miaka mitatu hadi mitano, kwa namba ya ushuru ya bidhaa, nchi ya asili, kiasi na thamani.
- Sheria moja au mbili za nchi nyingine kwa kulinganisha. Kanuni za Umoja wa Ulaya namba 2016/1036 na 2016/1037 zimepangwa vizuri na ni rahisi kufuatilia.
- Watu watatu wa kukusomea rasimu: mhasibu wa gharama za kiwandani, ofisa wa forodha na mwandishi wa sheria. Ukimkosa mhasibu, ahirisha kazi hadi umpate.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali mashauri yanapofia

Chukua kila lalamiko lililowahi kufika kwa mamlaka ya uchunguzi. Andika liliishia wapi na kwa sababu ipi: fomu haikukamilika, wazalishaji hawakutosha, bei ya nje haikuthibitishwa, madhara hayakuonekana, muda uliisha, au ushuru uliwekwa lakini ukakwepwa.

Kama nchi haijawahi kufungua hata shauri moja, hilo nalo ni jibu. Waulize wazalishaji kwa nini hawakulalamika, na uandike maneno yao.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kamati yoyote makini itauliza kifungu kipya kinatibu nini. Usipokuwa na shauri la kuonyesha, utabaki na malalamiko ya jumla.

Tahadhari: si kila shauri lililoanguka liliangushwa na sheria mbovu. Mkataba unataka uchunguzi ufungwe pale tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2 ya bei ya kuuzia nje, au pale bidhaa za nchi husika zikiwa chini ya asilimia 3 ya bidhaa hizo zote zinazoingia, isipokuwa nchi kadhaa za aina hiyo zikijumlishwa zinapita asilimia 7. Mashauri kama hayo yatoe kwenye orodha yako.

Ukimaliza utakuwa na jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha ni hatua gani inayoua mashauri mengi. Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako zote.

## Hatua ya 2: Jua dari iko wapi

Hatua hii hurukwa, na kuiruka kumewagharimu hata wakubwa. Ibara ya 18.1 ya mkataba wa bei ya kutupa inakataza hatua yoyote mahususi dhidi ya bei ya kutupa nje ya zile zinazokubalika: ushuru kamili, hatua za muda (ushuru au dhamana inayowekwa uchunguzi ukiwa bado unaendelea), na ahadi ya muuzaji wa nje kupandisha bei. Mkataba wa ruzuku una kifungu pacha, ibara ya 32.1.

Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1916 iliyoruhusu faini, kifungo na fidia mara tatu dhidi ya walioingiza bidhaa za bei ya kutupa. WTO iliihukumu mwaka 2000, na mwaka 2004 ikafutwa. Kisha kuna kile kinachojulikana kama marekebisho ya Byrd, ya mwaka 2000, yaliyogawa ushuru uliokusanywa kwa kampuni zilizounga mkono malalamiko. Yakaangushwa mwaka 2003, na Bunge la Marekani likayafuta mwaka 2006. Ninayataja haya kwa sababu mawazo yote mawili, kifungo kwa mwagizaji na mgawo kwa mlalamikaji, yanarudi kwenye mapendekezo hadi leo yakiwa yamevaa nguo mpya.

Dari nyingine ni ibara ya 9.3: ushuru hauruhusiwi kuzidi tofauti ya bei iliyothibitishwa. Ukipendekeza "asilimia 100 kwa kila bidhaa ya bei ya kutupa," umeandika kifungu kisichoweza kusimama.

Hesabu nayo ina mipaka. Umoja wa Ulaya ulishindwa na India mwaka 2001 katika shauri la mashuka ya pamba, kwa sababu aina za bidhaa zilizouzwa juu ya thamani ya kawaida (yaani bei ya kulinganishia, ambayo mara nyingi ni ile ya soko la muuzaji mwenyewe) zilihesabiwa sifuri badala ya kuachwa zipunguze wastani. Mwaka 2011 ulishindwa na China katika shauri la skrubu na bolti: kanuni yake iliwalazimisha wauzaji kutoka nchi zisizo na uchumi wa soko wathibitishe kwanza kuwa wanajitegemea ndipo wapewe kiwango chao wenyewe cha ushuru.

Chombo cha rufaa cha WTO hakifanyi kazi tangu Desemba 2019, na wapo wanaosema basi dari imeondoka. Sikubaliani nao. Majopo bado yanasikiliza mashauri, na mshirika wa biashara aliyekasirika ana njia nyingi za kulipiza. Zaidi ya hapo, ibara ya 13 inazitaka nchi zenye sheria hizi ziwe na mapitio ya mahakama au baraza huru, kwa hiyo wakili wa mwagizaji anaweza kukiangusha kifungu chako hapohapo nyumbani.

## Hatua ya 3: Fungua mlango kwa mlalamikaji

Mkataba unaweka vigezo viwili. Wanaounga mkono lalamiko lazima wazalishe zaidi ya nusu ya uzalishaji wa wale waliotoa maoni, wa kuunga au wa kupinga. Na wasipungue asilimia 25 ya uzalishaji wote wa ndani wa bidhaa hiyo. Angalia sheria yenu. Kama inadai zaidi ya hapo, mmejifungia mlango wenyewe, na marekebisho yake ni sentensi moja.

Pendekeza pia haya, ambayo mkataba unayakubali waziwazi:

- Pale wazalishaji ni wengi mno na wametawanyika, uungwaji mkono upimwe kwa sampuli ya kitakwimu.
- Wafanyakazi au wawakilishi wao waruhusiwe kuwasilisha au kuunga mkono lalamiko.
- Mzalishaji mwenye uhusiano na muuzaji wa nje, au anayeagiza bidhaa hiyohiyo, aweze kuondolewa kwenye hesabu. Bila kifungu hiki, kampuni tanzu moja kubwa inaweza kuua shauri la wenzake wote.
- Mamlaka iweze kuanza uchunguzi yenyewe katika mazingira maalumu, ikiwa na ushahidi wa kutosha.

Halafu ziangalie fomu. Ibara ya 5.2 inamtaka mlalamikaji alete taarifa anazoweza kuzipata kwa njia za kawaida, basi. Fomu inayomdai gharama za ndani za kiwanda cha nje inadai kisichowezekana. Andika kifungu kinachosema orodha ya bei, ankara moja, taarifa ya soko au hesabu ya gharama iliyokadiriwa vinatosha kuanzia, na kwamba forodha itatoa takwimu za bidhaa ndani ya siku zilizotajwa bila kufichua majina ya waagizaji.

Hapa kuna kipimo kizuri: mpe fomu mpya mzalishaji mdogo asiye na wakili. Akiweza kuijaza kwa msaada wa mhasibu wake peke yake, kazi yako iko sawa.

## Hatua ya 4: Imarisha upatikanaji wa bei na gharama

Kwa uzoefu wangu, hapa ndipo vita vyenyewe vilipo. Anayechunguzwa ndiye mwenye karatasi, naye hana hamu ya kuzitoa.

### Bei ya kwao isipoaminika

Kwa kawaida thamani ya kawaida ni bei ya bidhaa katika soko la muuzaji mwenyewe. Lakini mauzo ya huko yakiwa chini ya asilimia 5 ya yale anayokuuzia wewe, hayatoshi kulinganishia. Mauzo ya chini ya gharama nayo yanaweza kuachwa yakifanyika kwa muda mrefu na kwa kiasi kikubwa, na kiasi kikubwa ni asilimia 20 au zaidi ya mauzo yanayopimwa. Hapo mamlaka inageukia bei ya kuuzia nchi ya tatu, au inakokotoa: gharama ya uzalishaji, gharama za uendeshaji na uuzaji, na faida ya wastani. Hakikisha sheria yenu inazitaja njia zote, kwa sababu njia isiyotajwa humfunga mchunguzi mikono.

Tahadhari kubwa iko kwenye gharama zenyewe. Mwaka 2016 Argentina iliishinda Ulaya katika shauri la dizeli ya mimea, pale gharama halisi ya soya katika vitabu vya wazalishaji ilipotupwa na bei ya rejea kuwekwa mahali pake kwa hoja kwamba bei ya ndani imepotoshwa na serikali. Ulaya imeendelea na njia nyingine katika kanuni yake ya Desemba 2017 kuhusu upotoshaji mkubwa wa soko. Ukitaka kunakili wazo hilo, lazimisha mamlaka itoe ripoti ya ushahidi ya nchi na sekta husika. Usiandike kwamba nchi fulani "itahesabiwa daima" kuwa na bei potofu.

### Asiyejibu dodoso

Muuzaji wa nje ana angalau siku 30 za kujibu. Akikataa au akizuia uchunguzi, mamlaka inaruhusiwa kutumia taarifa zilizopo, na matokeo yanaweza kuwa mabaya kwake kuliko kama angeshirikiana. Kifungu hiki ndicho kinachowaleta wakaidi mezani, basi kiandike kikamilifu: muda, onyo la maandishi, nafasi ya kujieleza, na mamlaka ya kuchagua taarifa. Marekani mwaka 2015 iliwapa wachunguzi wake uhuru mpana zaidi wa kuchagua taarifa hizo.

Usivuke mpaka kwa kulazimisha kiwango cha juu kabisa kila mara. Sheria ya Meksiko ilifanya hivyo, na katika shauri la mchele la mwaka 2005 ikaonekana kukiuka mkataba. Neno "inaweza" litakulinda kuliko "lazima."

### Siri za biashara

Wazalishaji wenu wenyewe hawatatoa vitabu vyao wasipoamini kuwa havitamfikia mshindani. Weka adhabu ya kufichua siri, na udai muhtasari usio wa siri unaoeleweka ili upande wa pili uweze kujibu. Jalada ambalo mpinzani hakuweza kulisoma huanguka mahakamani.

## Hatua ya 5: Andika kipimo cha madhara bila kukifanya mlima

Ibara ya 3.4 inaorodhesha mambo ya kuangalia: mauzo, faida, uzalishaji, sehemu ya soko, tija, ajira, mishahara, akiba ya bidhaa, mtiririko wa fedha na mengineyo, pamoja na ukubwa wa tofauti ya bei. Yote lazima yaangaliwe, lakini hakuna hata moja linaloamua peke yake.

Hilo la mwisho ndilo la kulitia kwenye sheria kwa maneno wazi. Kiwanda kinaweza kuendelea kupata faida huku kikipoteza soko kila robo mwaka. Marekani iliandika mwaka 2015 kwamba tume yake isikatae madhara kwa sababu tu sekta inapata faida. Kifungu hicho kinastahili kuigwa.

Ongeza tishio la madhara, ili watu wasingoje kiwanda kifungwe ndipo wasikilizwe. Ushahidi wa tishio lazima uwe wa mambo halisi: uagizaji unaopanda kwa kasi, uwezo mkubwa wa kiwanda cha nje usiotumika, akiba iliyorundikana. Dhana na hofu havitoshi.

Mwisho, idai mamlaka itenganishe madhara ya bidhaa za nje na yale ya sababu nyingine: mahitaji kushuka, umeme kukatika, uongozi mbaya. Wazalishaji hawapendi kifungu hiki. Kiweke hata hivyo, kwa sababu ripoti isiyo na utenganisho huo ni rahisi kuipindua.

## Hatua ya 6: Ruzuku iwe na sura yake yenyewe

Thibitisha mambo matatu: serikali au chombo cha umma kilitoa msaada wa kifedha, msaada ulimnufaisha mpokeaji, na ulilengwa kwa kampuni, sekta au eneo fulani. Ruzuku inayotegemea mauzo ya nje au matumizi ya malighafi za ndani huhesabiwa kuwa imelengwa bila ushahidi zaidi.

Sheria itaje aina za msaada: fedha taslimu, mkopo wa riba nafuu, dhamana, kodi iliyosamehewa, malighafi kwa bei ya chini. Kila aina iwe na njia ya kupima faida yake, kwa mfano mkopo ulinganishwe na mkopo wa kibiashara wa sokoni.

Kuna sharti moja linalosahaulika sana: kabla ya kuanza uchunguzi, serikali ya nchi husika lazima ialikwe kwa mashauriano. Liweke kwenye ratiba. Kiwango cha kufunga shauri ni ruzuku iliyo chini ya asilimia 1 ya thamani, au asilimia 2 au chini ya hapo kwa nchi inayoendelea.

Pale bidhaa moja inapochunguzwa kwa bei ya kutupa na kwa ruzuku pamoja, ziba mwanya wa kutoza mara mbili kwa jambo lilelile. China iliishinda Marekani kwa hoja hiyo mwaka 2011.

## Hatua ya 7: Hesabu siku

Chora mstari wa muda na uandike idadi ya siku kwa kila tukio. Mkataba unasema hatua za muda zisianze kabla ya siku 60 tangu uchunguzi kufunguliwa, na uchunguzi uishe ndani ya mwaka mmoja, usizidi miezi 18. Katikati ya namba hizo ndimo mlimo na nafasi ya kubana. Ulaya mwaka 2018 ilipunguza muda wa kufikia hatua za muda kutoka miezi 9 hadi kawaida ya miezi 7, isiyozidi 8.

Weka pia kikomo cha siku za kuamua kama lalamiko linafunguliwa. Sheria nyingi dhaifu zimenyamaza hapo, na jalada hulala mezani bila kosa la mtu yeyote.

Waagizaji wakijua ushuru unakuja hujaza maghala. Ibara ya 10.6 inaruhusu ushuru kurudi nyuma hadi siku 90 kabla ya hatua za muda, pale bidhaa nyingi zimeingia kwa muda mfupi na mwagizaji alijua au alipaswa kujua. Hauwezi kugusa bidhaa zilizoingia kabla ya uchunguzi kufunguliwa. Ili kifungu kifanye kazi, forodha ianze kuorodhesha mizigo siku ileile uchunguzi unapotangazwa.

## Hatua ya 8: Ziba njia za kukwepa

Ushuru ukishawekwa, bidhaa hupitishwa nchi ya tatu, hubadilishwa kidogo, huletwa vipande na kuunganishwa ndani, au hutumwa kupitia kampuni yenye kiwango kidogo. WTO haijakubaliana kanuni za pamoja kuhusu hili, hivyo kila nchi inaandika zake, na kila neno lina uzito.

Kwa uunganishaji, Ulaya hutumia namba: vipande kutoka nchi iliyowekewa ushuru vikifikia asilimia 60 ya thamani ya vipande vyote, ni ukwepaji, isipokuwa thamani iliyoongezwa inapita asilimia 25 ya gharama ya utengenezaji. Namba kama hizi humsaidia hata mwekezaji wa kweli kujua asimame wapi.

Udanganyifu wa hati ni kazi ya forodha. Marekani mwaka 2016 ilitunga utaratibu ambao mzalishaji anapeleka tuhuma, forodha inaweza kuchukua hatua za awali ndani ya siku 90, na uamuzi hutakiwa kutoka ndani ya siku 300, muda unaoweza kuongezwa. Ninaupendekeza utaratibu huu kuliko kifungu kingine chochote katika mwongozo huu. Ushuru usiokusanywa haumlindi mtu.

## Hatua ya 9: Waandikie na wanaonunua

Kiwanda kinachotumia bidhaa hiyo kama malighafi kitakupinga, na kina haki ya kusikilizwa. Ibara ya 9.1 inasema ni vyema ushuru uwe mdogo kuliko tofauti ya bei pale unapotosha kuondoa madhara, lakini hailazimishi.

Ukiukubali ushuru huo mdogo, andika unavyokokotolewa. Ulaya mwaka 2018 iliweka kiwango cha chini cha faida cha asilimia 6 katika hesabu ya bei isiyo na madhara, yaani bei ambayo mzalishaji wa ndani angeuzia kama asingeumizwa, na ikaruhusu kutoutumia ushuru huo mdogo pale bei ya malighafi ya muuzaji wa nje imepotoshwa na malighafi hiyo inafikia asilimia 17 ya gharama zake. Bila namba za aina hii, ushuru mdogo hugeuka kuwa mapatano ya mezani.

## Hatua ya 10: Pima rasimu kwa shauri lililokufa, kisha iwasilishe

Rudi kwenye jedwali la hatua ya 1. Chukua shauri moja lililokataliwa, lipitishe kifungu kwa kifungu katika rasimu mpya, na uandike lingefika wapi. Kisha mpe mtu ajifanye wakili wa mwagizaji na ashambulie kila hatua. Kifungu kitakachoanguka, kiandike upya au kifute.

Wasilisha kwa safu tatu: maneno ya sasa, maneno yanayopendekezwa, na ibara ya mkataba inayoyaruhusu. Kamati husoma jedwali hilo kwanza. Ambatisha shauri ulilolipima.

Usisahau kifungu cha mpito kinachosema mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yanaendelea kwa sheria ipi, vinginevyo mabishano yataanza siku ya kwanza. Na muswada ukishapita, serikali itoe taarifa ya mabadiliko hayo kwa kamati za WTO za bei ya kutupa na za ruzuku. Liandike jukumu hilo ndani ya sheria yenyewe, pamoja na ofisi inayowajibika na idadi ya siku.